Mstari Uliotoka Geita

Kijiji cha Mwagimbu,
S.L.P. Kharumwa, Geita.
9 Mei, 1982

Mdogo wangu Scolastika,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani kwetu, mwangaluka mno. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe tangu tulipomficha jembe. Wifi yako Apolonia anasema ile kanga uliyomtumia aliivaa kanisani, watu wakasahau kumsikiliza katekista. Maduka ya Kharumwa hayana hata sabuni, halafu yeye anapita na kanga mpya kutoka Dodoma! Pamba tumeanza kuchuma, nyeupe sana mwaka huu.

Sasa sikiliza habari kubwa. Imekuja kampuni ya kutafuta dhahabu, inaitwa Nyota ya Ziwa. Wana Landrova mbili na mtambo wa kuchoronga miamba. Msemaji wao ni Bwana Zamoyoni, mtu wa Shinyanga mjini, mzee wake alitoka pwani na msafara wa biashara. Ana Kiswahili kitamu mpaka unaona aibu kukohoa. Alitandika ramani juu ya meza ya shule, akaweka rula, akachora mstari kutoka mgodi wa Geita kwenda kusini kwenye machimbo mengine ya zamani. Mstari ukapita katikati ya lambo letu. Akasema, "Wananchi, dhahabu ni mgeni mwenye njia moja. Akilala kwa jirani, kesho yuko kwenu."

Kuna jambo moja tu. Ili mtambo usimame pale, lazima tuta likatwe, maji yatoke. Unalijua lambo lile, tulilichimba kwa majembe mwaka tulipohamishiwa vijijini, kila kaya ikabeba udongo. Wazee wakaanza kuguna. Hapo ndipo nikasimama, mimi mwenyekiti wao, nikasema: "Ndugu zangu, nchi hii ina watu wachache wanaoweza kusoma mawe kama gazeti, na mmoja wao amenyonya ziwa moja na mimi. Nitamwandikia. Neno lake litamaliza ubishi." Watu wakapiga makofi, Scolastika. Sijapigiwa makofi ya namna ile hata siku niliyochaguliwa.

Kwa hiyo niandikie mistari miwili tu, niisome mkutanoni. Geita iko jirani, dhahabu lazima iwepo. Wewe thibitisha.

Kaka yako anayejivunia,
Maduhu

*

Ofisi ya Madini, Dodoma.
27 Mei, 1982

Kaka Maduhu,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia mama ni mzima. Mwambie dawa ya kuchua aitumie jioni, si asubuhi, na aendelee kufichwa jembe.

Kuhusu kampuni uliyoitaja sina la kuandika. Kazi yangu hairuhusu nizungumzie shughuli za kampuni yoyote nje ya ofisi. Naomba usinitaje tena mkutanoni. Endeleeni na mashamba yenu na mifugo yenu kama kila mwaka, na kitu mlichonacho msikivunje kabla hamjapata barua ya serikali.

Nisamehe kwa ufupi.

Mdogo wako,
Scolastika

*

Kijiji cha Mwagimbu.
18 Juni, 1982

Scolastika,

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali ulipo wewe ndani yake, sijakuona. Nimeona ofisi tu. Mama aliponiomba nimsomee, ilibidi nimtungie maneno. Nikamwambia umesema umemkumbuka na unatamani michembe, viazi vyetu vya kukaushwa. Akafurahi. Hukuandika hivyo.

Mkutanoni waliniuliza, "Mwenyekiti, neno la dada yako limekuja?" Nikasema barua imechelewa kwenye lori la pamba. Mzee mmoja akacheka puani. Mimi, Maduhu, nimechekewa puani kwa ajili ya mistari miwili ambayo ungeweza kuiandika umesimama.

Haya. Nimeamua mwenyewe. Vijana wetu wanataka kazi, wamechoka kumwona mwenzao anarudi kutoka machimbo ya almasi ya Maganzo na redio wakati wao wanafukuza ndege kwenye mtama. Nimewaambia watu wa kampuni kwamba kijiji kimekubali. Jumatatu wanaleta vijana wa kukata tuta. Ng'ombe tutawapeleka mtoni mpaka mvua zirudi, na mwakani tutakuwa na maji ya bomba kama ya mgodini.

Usijisumbue kujibu kama ni ofisi itakayojibu.

Maduhu

*

Mwagimbu.
24 Juni, 1982

Kwa wifi yangu Scolastika,

Mimi ni Apolonia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono niliofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni. Herufi zikilala, wewe zisimamishe.

Kaka yako hajui kwamba nakuandikia. Jumatatu walikuja vijana wa kampuni na majembe na sururu. Sisi wanawake tulikuwa tumekwenda kuteka. Nikauliza, "Mnafanya nini?" Wakasema, "Mwenyekiti ameruhusu." Nikasema, "Mwenyekiti hateki maji." Nikatua ndoo, nikaketi juu ya tuta, pale pale walipoanza kukata. Sikuwa nimepanga, wifi. Miguu ilikataa tu kuondoka. Mwenzangu Zipora akaja akaketi kando yangu, na wengine, mpaka tuta likawa na wanawake mwanzo hadi mwisho, kama mbayuwayu kwenye waya wa simu.

Yule Bwana Zamoyoni akaja. Akatuamkia kwa adabu, akatueleza habari za Geita, utajiri, taa za umeme. Nikamjibu, "Baba, hatuikatai dhahabu. Tuonyeshe kwanza, ndipo tukupe maji." Akasema dhahabu haionyeshwi kabla ya kuchimbwa. Nikasema, "Basi na maji hayamwagwi kabla ya dhahabu." Akawaambia vijana wafunge sururu zao.

Kaka yako alipofika alikuwa amesawijika uso. Akageuka, akashika njia ya kwetu. Nyumbani akasema, "Scolastika amekutumia ujumbe kwa siri. Mmenizunguka, wewe na yeye." Nimeapa, hakuamini. Hali chakula ninachopika, anakula kwa mama yake.

Mimi sijui mawe. Kama chini ya lambo kuna dhahabu kweli, niambie, nitashuka tutani na kuomba radhi kwa kijiji kizima. Lakini kama hujui, usiniambie unajua.

Wifi yako,
Apolonia

*

Dodoma.
10 Julai, 1982

Kaka yangu Maduhu,

Shikamoo, kaka. Safari hii ofisi imenipa ruhusa kusema, kwa hiyo nasema.

Wiki moja kabla barua yako ya kwanza haijafika, jalada la Nyota ya Ziwa liliwekwa juu ya meza yangu. Wanaomba leseni kubwa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupima kama matumaini yao yana msingi. Nikasoma humo jina Mwagimbu. Nilikwenda kwa mkuu wangu, Bwana Hatibu, nikamwambia, "Hiki ni kijiji chetu, mwenyekiti ni kaka yangu. Mpe mtu mwingine." Akasema hana mtu mwingine anayezijua nchi za Geita kama mimi, ila tutakwenda pamoja, na kila nitakaloandika atalipima yeye kabla ya kutia sahihi. Mpaka wakuu walipokubali, nisingeweza kukuandikia hata neno. Ningekuambia dhahabu ipo, ningekuwa nimeiuza kazi yangu. Ningekuambia haipo, ningekuwa nimeiuza vilevile, na isitoshe ningekuwa mwongo, maana nilikuwa sijui.

Ulinitafuta kwenye barua ile ukaniona ofisi. Nilikuwa nimejificha humo, kaka, nikilia.

Jambo la pili. Sikumtumia Apolonia ujumbe wowote. Habari za tuta nimezipata kwake baada ya kutokea. Usimnyang'anye alichokifanya ukanipa mimi. Ni chake. Rudi ukale kwake.

Tutafika mwanzoni mwa Agosti. Tutalala Kharumwa, si nyumbani. Usichinje kitu. Mbele ya watu usiniite mdogo wako, nami nitakuita Mwenyekiti. Mwambie na mama. Hilo la mama ndilo linalonitisha kuliko mtambo.

Na tuta lisiguswe.

Scolastika

*

Kijiji cha Mwagimbu.
29 Agosti, 1982

Mdogo wangu,

Mmeondoka, vumbi la Landrova limetua, na mimi nimekaa na maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasema mlipokuwa hapa. Sasa nayasema.

Uliposhuka garini na viatu vile vya askari, nyundo kiunoni, nilisema, "Karibu, Bibi Mtaalamu." Ukaniitikia, "Ahsante, Mwenyekiti," mkavu kama hakimu. Nikajiambia, tutashinda. Halafu mama! Nilikuwa nimemwelekeza kutwa nzima asikuite jina. Akapita katikati ya watu na fimbo yake, akasimama mbele yako, akasema kwa sauti, "Binti huyu mzuri ni wa nani jamani? Mama yake kwa kweli alizaa." Kijiji kizima kikaangua kicheko, hata Bwana Hatibu akavua miwani kujifuta machozi. Wewe peke yako hukucheka. Uliinama kukaza kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea.

Siku zile mlizokuwa mkipanda vilima na kugonga mawe, vijana waliwafuata kwa mbali wakisema unatafuta kasoro. Nami, nikueleze ukweli, nilikuwa naomba uikute dhahabu. Si kwa ajili ya kazi za vijana tu. Nilitaka nionekane sikukosea.

Kisha ukaja mkutano. Bwana Zamoyoni alitandika ramani yake, mstari wake, akasema, "Geita ilitoa dhahabu miaka na miaka. Machimbo ya kusini yalitoa. Mwagimbu iko katikati. Nani atabisha?"

Ukasimama. Ukasema, "Mimi sibishi, Bwana Zamoyoni. Geita ilitoa. Naomba sasa unitajie vilima vilivyochimbwa katikati ya Geita na hapa vikakosa."

Akasema, "Hivyo havihusiki."

"Vinahusika sana. Mtu akitaka kukuuzia kundi la ng'ombe, akakuonyesha wale waliorudi zizini tu, wale waliokufa malishoni asiwataje, utanunua?"

Wazee wakagonga fimbo chini. Ndugu yangu, uliwashika kwa ng'ombe! Miaka yote ile ya shule haikukutoa Usukumani.

Halafu ukatoa mawe mawili mfukoni. Moja jekundu lenye michirizi myeusi, zito kama chuma, ukasema, "Jirani wa kweli wa dhahabu ya Geita ni jiwe hili, likiwa limevunjika na kupondeka. Halitembei kwa rula. Tumelifuata kwa miguu. Linakuja kusini, halafu linapinda kuelekea magharibi kabla halijafika hapa." La pili ni itale, hili hili tunalosagia mtama, ukasema umeliokota pande zote mbili za lambo. Kijana mmoja akapiga kelele, "Kwa hiyo hakuna dhahabu?" Nikangoja useme hakuna, ili tujue moja. Ukasema, "Sijui kilicho chini ya maji. Bwana Zamoyoni naye hajui. Tofauti yetu ni kwamba yeye anataka kumwaga maji ili ajue."

Ninakiri nilikasirika pale. Niliona unakwepa. Usiku huo Apolonia aliniuliza, "Ulitaka akudanganye ili upate usingizi?" Ndiyo, nimerudi kula kwake. Sikumwomba radhi kwa maneno, nilimtengenezea mlango wa jiko uliokuwa umening'inia tangu mwaka juzi. Ameelewa.

Sasa tunangoja uamuzi wenu. Vijana wananitazama vibaya na wazee wananitazama kwa huruma, sijui lipi baya zaidi.

Kaka yako,
Maduhu

*

Dodoma.
20 Septemba, 1982

Kaka Maduhu, shikamoo,

Barua rasmi utaipata kwa mkono wa katibu tarafa. Nakuandikia hii kama mdogo wako.

Tumeamua hivi. Leseni kubwa waliyoomba hawawezi kupewa kwa kutegemea mstari wa rula tu. Lakini hatukuwafukuza. Tumewaruhusu kupima chini ya lambo bila kuligusa. Mtambo wa kuchoronga si lazima usimame wima, kaka, unaweza kuinamishwa. Wausimamishe upande mkavu, nje ya tuta, wachoronge kwa mshazari mpaka wapite chini ya maji. Wakikuta jiwe la michirizi, warudi kwetu tuzungumze upya, na nitamwambia Apolonia mwenyewe. Wakikuta itale, wafungashe.

Bwana Zamoyoni alikuja hapa ofisini. Nilidhani atafoka. Akaniambia, "Mwanangu, ule mstari niliuamini. Nimekaa na wachimbaji tangu utoto wangu, na kila mtu aliyenisimulia habari alikuwa amepata. Waliokosa hawasimulii." Si mwongo yule. Sikupenda mwenzangu mmoja wa ofisini alipomcheka baada ya kutoka.

Bwana Hatibu alisoma ripoti yangu kurasa zote, akauliza swali moja tu: "Mtambo ukitoa dhahabu chini ya lambo, utarudi kijijini kwenu?" Nikasema nitarudi. Akatia sahihi chini ya jina langu.

Lakini nitakuambia wewe nisichomwambia yeye. Naogopa. Hata na sahihi yake chini, jina langu naliona limesimama pale peke yake kama mtu aliyesahauliwa stesheni. Itale juu ya ardhi haimaanishi lazima itale chini. Wamo watu wenye akili kuliko mimi waliokosea kwa jambo dogo zaidi. Kama nimekosea, vijana wa Mwagimbu watakuwa wamechelewa kazi kwa sababu yangu, nawe utaitwa kaka wa yule aliyezuia.

Hata hivyo, kaka, nikikumbuka nilivyosimama mkutanoni, najiona mrefu. Sijui kama ni dhambi. Nilisema ninachokijua, nikasimama mahali ujuzi wangu ulipoishia, sikuongeza hata hatua moja. Walionifundisha wangeniona siku ile, wangeridhika. Na marehemu baba pia.

Mdogo wako,
Scolastika

*

Kijiji cha Mwagimbu.
5 Desemba, 1982

Mdogo wangu Scolastika,

Ofisi itakuwa imekwisha kupata matokeo kwa simu, lakini simu haikuona nilichokiona.

Waliuinamisha mtambo upande wa mashariki, umechuchumaa kama mbuni anayekunywa. Kijiji kizima kilihamia pale. Akina mama walikuja na masufuria, hakuna aliyekwenda shamba. Kila walipovuta kipande cha mwamba, Bwana Zamoyoni alikipangusa kwa leso yake mwenyewe, akakigeuza juani, akakilaza kwenye sanduku. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Sikutaka kutazama, nikawa natazama uso wake.

Walipofika chini ya maji alitoa kimoja, akakitazama muda mrefu. Akanipa. Kilikuwa cheupe chenye madoa meusi. Hata mama angekitambua. "Itale," akasema. Akachoronga tena kwa kuhamisha mtambo, akavuta tena. Itale. Akafunika sanduku, akanishika mkono, akasema, "Mwenyekiti, ungenipa lambo ningelimwaga kwa ajili ya hili." Niliona midomo yake imekauka. Nikamwita nyumbani, Apolonia akampa maji ya kunywa, akanywa kibuyu kizima.

Usidhani watu walishangilia. Vijana walikaa chini. Mabula, yule aliyekuwa amekwisha kununua viatu vya kazi, alilia waziwazi, na kesho yake alipanda lori la kwenda Maganzo na wenzake wawili. Inaniuma. Mkutanoni mtu mmoja akasimama akasema, "Dada yako ametufukuzia kampuni." Nikasimama. Safari hii sikungoja makofi. Nikasema, "Dada yangu hakuweka itale kule chini. Alichofanya ni kutuwezesha kuijua itale tukiwa bado na maji." Akakaa.

Na mvua, Scolastika, mpaka leo hazijatulia. Zinanyunyiza na kukimbia. Mto ule niliosema tungepelekea ng'ombe umebaki mchanga. Wanakuja watu na mifugo kutoka vijiji ambavyo sijawahi kufika, Wazinza, Wasumbwa, wote. Nilitaka kuunda kamati ya kupanga zamu. Nikakuta Apolonia na Zipora wamekwisha kupanga: nani aje asubuhi, nani jioni, ndama wa nani watangulie. Hakuna aliyepiga mwenzake fimbo. Walimchagua Apolonia aongoze mambo ya maji, na kura yangu haikuhitajika, ila niliipiga, mkono juu kabisa.

Juzi nilikuwa mnadani Kharumwa. Wafugaji wawili wageni walikuwa wakinitazama na kunong'ona. Mmoja akanisogelea. "Samahani, mzee. Wewe ndiye mume wa yule mama aliyeketi juu ya tuta?"

Zamani ningemsahihisha. Ningemwambia mimi ni Mwenyekiti Maduhu.

Nikasema, "Ndiye mimi. Na yule mtaalamu wa mawe ni wa tumbo letu."

Akaita wenzake waje kunisalimu.

Kaka yako,
Maduhu